Kati ya Milango Miwili

Québec,
Jumatano ya Majivu, saa nne na robo asubuhi

Dada yangu mpendwa Rolande,

Pokea salamu zangu nyingi kabla ya habari, maana habari zenyewe zitachukua muda. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau umeketi. Shemeji Clément vipi? Nyonga yake imeanza kumtii? Mwambie nimesema mwanamume wa miaka sabini hapandi paa kuondoa theluji wakati ana mke hodari wa kumpandia. Mimi huku sijambo. Nina afya, sina baridi, nimeketi juu ya benchi la chuma, na siwezi kutoka.

Usishtuke. Si jela wala hospitali. Nimekwama kazini, katika kile chumba kidogo nilichokueleza siku moja ukacheka, cha kuvalia na kuvulia mavazi meupe, chenye mlango mmoja wa kuingilia maabara na mwingine wa kutokea ukumbini. Ukubwa wake ni kama kile kibanda cha kitubio cha kanisani kwetu, ila kile kina pazia. Milango yote miwili hufunguliwa kwa kadi. Asubuhi hii nilitoka maabara, mlango wa ndani ukanifungukia vizuri, ukajifunga nyuma yangu, wa nje ukakataa. Nikarudi kwa ule wa ndani, nao ukawa umeshapata habari.

Sababu ni kwamba jana nilipeleka barua ya kuacha kazi. Ndiyo, umesoma sawasawa. Nikaandika kwamba siku yangu ya mwisho ni Ijumaa. Yule mama wa ofisi ya wafanyakazi, ambaye mwaka juzi alichukua miezi mitano kunibadilishia viatu vya kazi, safari hii amefanya kazi yake kwa siku moja, na akanipunguzia mbili.

Ukutani, karibu na sikio langu la kushoto, kuna kitufe chekundu. Nikikibonyeza, milango inafunguka, king'ora kinalia na mashine ya ndani inazimika. Kwa hiyo si kweli kabisa kwamba siwezi kutoka. Ila mle ndani mashine inachora kigae cha kioo ambacho hakiwezi kuanzwa upya leo, na taa nyekundu ikiwaka hapo nje hakuna mtu anayekaribia mlango huu mpaka izimike, saa saba na nusu. Simu yangu iko kabatini huko ukumbini pamoja na mkate wangu wa nyama. Nimefunga Jumatano ya Majivu kikamilifu, jambo ambalo sijalifanya tangu nilipotoka shule ya masista.

Karatasi hizi ni fomu zetu za kazi, nimezigeuza upande wa nyuma. Kalamu imefungwa ukutani kwa kamba fupi, kwa hiyo naandika nimeinama kama ng'ombe wa jirani Veilleux kwenye kigingi. Mwandiko usikushangaze. Nitaueleza.

Barua yako ya Februari ninayo mfukoni. Umesema maji ya sukari yataanza kutoka kwenye miti wiki ijayo au ile inayofuata, kwamba peke yako huwezi kutoboa miti mia nane na kuchochea moto wa kuyachemsha yawe sharubati pia, na kwamba nisipokuja utampa Veilleux msitu wa Baba, naye akishaufunga mirija yake ya kukingia maji hatauachia tena. Umemaliza kwa kuandika: "Rosaire, nijibu ndiyo au hapana. Usinijibu mashine." Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imechakaa kwenye mkunjo. Leo nitaijibu, lakini lazima nikuambie kwanza habari ya mashine. Nisamehe.

Hujawahi kuniuliza nafanya nini hasa huku chini kwenye ghorofa isiyo na dirisha, nami sijawahi kukueleza vizuri. Tunachora ndani ya kioo. Si juu yake, ndani. Mwale wa leza unapita kwenye kioo bila kukigusa mpaka unapofika pale tunapotaka, hapo unatoa cheche kidogo, unaacha alama. Kwa alama hizo tunachora njia nyembamba kuliko unywele, na nuru ikiingia humo inaifuata kama maji yanavyofuata mrija. Kisha tunaikatiza njia hiyo kwa vijistari, maelfu kwa maelfu, vilivyobanana mwanzoni na kuachana kidogo kidogo kuelekea mwisho.

Faida yake? Simu unazonipigia Jumapili zinasafiri kwa nuru ndani ya nyuzi za kioo, na njiani rangi moja ya nuru inawahi na nyingine inachelewa, ishara zinatawanyika na kupandana, mwisho ungesikia namwambia Clément anioe. Kigae chetu kinazipanga upya. Iliyowahi inapelekwa mpaka mwisho wa njia ndipo vijistari viigeuze, iliyochelewa inageuzwa hapo hapo mlangoni, na zote zinatoka pamoja. Unakumbuka Padri Théodule alivyokuwa akipanga watoto wa maandamano, wenye kiherehere anawatuma nyuma ya kanisa wakaguse ukuta warudi? Ni hivyo hivyo. Hakuna umeme wala kompyuta ndani ya kigae. Nuru inapangwa na mistari tu.

Sasa sikiliza ajabu. Katika kampuni nzima, kwa miaka tisa, ni mtu mmoja tu aliyeweza kuchora vigae vizuri, na mtu huyo ni ndugu yako aliyeacha shule darasa la tisa. Madaktari wa fizikia wanafuata fomu ileile, nguvu ileile ya mwale, mwendo uleule, joto lilelile, na kigae kinatoka na mistari michafu, nuru inaingia nzima na kutoka imechoka. Mimi nakaa palepale, kigae kinatoka safi. Wakaniita Mkono. Si Bolduc tena. "Mkono amefika?" "Mpe Mkono hiki." Walikuja kusimama nyuma yangu wajifunze, na siku hizo vigae vyangu vikaharibika kama vyao. Nikawaambia mkono wangu una haya, ukitazamwa hauchori. Watu waliosoma miaka ishirini wakaandika hilo kwenye daftari.

Bosi wetu, Viateur Gosselin, alikuwa akiwaleta wateja kunionyesha kupitia kidirisha cha mlango, kama dubu. Na kila nilipoomba likizo ya Machi alikuna kichwa akaniuliza nani atachora. Nawe nikakuandikia kila mwaka: dada, mashine. Wananishikilia, mashine.

Vuli iliyopita akaajiriwa binti mmoja, Anouk Tardif, daktari kamili, mtoto wa mfugaji wa nguruwe wa Lotbinière, mwenye kicheko cha kuvunja gilasi. Huyu hakuniogopa. Siku ya kwanza aliniambia, "Mzee Rosaire, ukifa tutaukata huo mkono tuuweke kwenye friji, hilo nimeshalipanga." Kila Ijumaa alinikatia nusu ya sandwichi yake ya rilleti, nyama ya nguruwe ya kupaka anayotengeneza mama yake, kwa kuwa aliona chakula changu ni kilekile tangu Jumatatu. Akachora vigae thelathini na kimoja. Vyote vikafa. Viateur akamwambia kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko ukali, kwamba labda yeye ni mtu wa vitabu, hana mkono, na kwamba mwisho wa Machi watazungumza.

Jumatatu nilimkuta hapa, kwenye benchi hili ninalokalia. Alikuwa amevuta kofia ya kufunikia nywele mpaka machoni na anajaza fomu ya kigae cha thelathini na mbili. Hakuwa analia. Alikuwa anajaza kila kisanduku kwa herufi nzuri, hata vile visivyo na maana. Akasema, bila kuniangalia, kwamba huenda hakuumbwa kwa kazi ya mikono, nyumbani walishamwambia hivyo hata kuhusu nguruwe.

Rolande, unamkumbuka Sista Marie-Elzéar na rula yake. Unakumbuka aliufunga mkono wangu wa kushoto kwenye kiti kwa ukanda wa rozari, nikakaa hivyo mpaka Pasaka nikijifunza kuandika kwa ule mwingine, na wewe ndiye uliyekuja kunifungua saa ya mapumziko nikajisaidie. Nilimwona binti huyu anajaza visanduku nikamwona yule mtoto.

Nikamwambia, "Geuza."

Akasema, "Nigeuze nini?"

"Mshale."

Kwenye fomu yetu kuna kisanduku cha mwelekeo wa kuchora. Mshale umeshachapwa humo kiwandani, unatoka kushoto kwenda kulia, nawe unatia sahihi tu chini yake. Hakuna aliyewahi kuufikiria. Mstari ni mstari, wanasema, ukianzia huku au kule. Lakini mwale wetu hautui wima kabisa, umelala kidogo, kama ufagio. Ufagio ukiusukuma upande mmoja unafagia, ukiuvuta upande wa pili unatawanya vumbi. Mimi, siku ya kwanza kabisa, nilikifunga kioo mezani kwa mkono wa kushoto kwa sababu mkono wa kushoto ndio wenye akili, kwa hiyo mwanzo wake ukawa upande wa kulia, na mwale ukachora kutoka kulia kwenda kushoto. Kigae kikatoka safi kuliko vyote vilivyowahi kutoka. Kisha nikaletewa fomu yenye mshale ulioelekea kwingine. Nilikuwa na wiki tatu kazini, sina cheti hata cha kuendesha baiskeli, na fomu imetungwa na madaktari. Nikatia sahihi. Kwa mkono wa kulia, kama nilivyofundishwa.

Anouk aliufuata ule mshale kwa ncha ya kalamu. Kisha akaniuliza nimejua tangu lini. Nikasema miaka saba. Hiyo ni kweli, miaka miwili ya mwanzo sikujua, nilidhani nami nina mkono. Nikaja kuumia bega la kushoto, nikafunga kioo kwa kulia, kigae kikafa. Nikarudia kwa siri kwenye vipande vya kutupa, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka nikaelewa. Na zile siku za kutazamwa nilifunga kwa kulia makusudi.

Nilitegemea atanitukana. Watu wa Lotbinière wanajua kutukana. Alivua kofia akaikunja, akasema taratibu, "Mzee Rosaire. Mimi nilikuwa nakuletea sandwichi."

Basi. 

Jana nikaenda kwa Viateur na barua mkononi, nikamweleza yote. Hakuamini. Alisema, "Bolduc, acha utani wako wa huko kwenu Beauce, nina wateja wa Aprili." Akadhani namtetea binti, au nimetafuta hadithi ya kuondokea kwa heshima. Mwisho akakata shauri hivi: Anouk achore kigae kimoja leo, peke yake, kwa mshale wangu. Kikitoka safi, yeye abaki na mimi niende zangu Ijumaa. Kikifa, binti aondoke Ijumaa, na mimi anishikilie kwa ile miezi mitatu ya notisi iliyoko kwenye mkataba wangu. Hesabu mwenyewe miezi mitatu kuanzia leo. Miti itakuwa imetoa majani.

Ndiyo sababu sibonyezi kitufe.

Asubuhi Anouk amekifunga kioo mwenyewe huku mimi nimekunja mikono kifuani. Amepanda juu kwenye skrini zake. Mimi nimebaki mpaka joto likatulia, kama desturi, nikatoka, na mengine unayajua. Kupitia kidirisha naona cheche yenyewe, nukta ndogo kuliko kichwa cha sindano, inatembea kutoka kulia kwenda kushoto polepole kuliko kiwavi. Sijawahi kuitazama hivi. Miaka yote niliitazama kama mlinzi anavyomtazama mfungwa, na sasa sijui tena nani alikuwa nani.

Ni saa sita na dakika ishirini. Mguu umekufa ganzi. Hewa ya darini inanipulizia kichwani bila kupumzika, na nimeshasoma maelekezo ya kunawa mikono, kwa lugha zote mbili, kiasi kwamba naweza kuyaimba kanisani. Hakuna pa kwenda ila kwenye lile jambo ambalo tangu asubuhi nalizunguka.

Nimekuandikia juu kwamba walinishikilia. Hawakunishikilia. Viateur alikuna kichwa tu, ni mtu wa kukuna kichwa. Angenipa likizo kila Machi kama ningekubali kumwonyesha mtu mwingine, hata kwa dakika tano. Mimi ndiye niliyekataa. Mwaka niliogundua siri ya mshale ndio mwaka waliopunguza watu, wakaondoka wawili wenye vyeti vya kuning'inizwa ukutani, na mimi nikabaki kwa sababu ya Mkono. Nikajua kwamba siku mtu mwingine atakapochora kigae safi, mimi nitakuwa mzee wa darasa la tisa aliyevaa kofia ya nywele. Kwa hiyo sikutoka. Sikuugua. Sikuja kwenye harusi ya binti yako. Mlango ulikuwa na kitufe wakati wote, na kidole kilikuwa changu.

Na kuna Baba.

Miaka minne iliyopita, Machi, ulinipigia ukasema hatavuka wiki na anauliza kila asubuhi kama Kushoto, jina aliloniitia mimi, amefika. Nikakuambia mashine haiachiki, bosi amekataa. Rolande, bosi hakukataa. Alisikia habari ukumbini akaja mwenyewe mpaka mezani kwangu, akasema, "Bolduc, nenda, baba ni mmoja. Mwonyeshe Ludovic hapa, atakushikia siku nne." Na mimi nikamwambia kwamba wewe umenipigia tena, kwamba nyumbani wamesema mzee anaendelea vizuri, hakuna haraka.

Nikachora vigae viwili wiki ile. Vilikuwa safi sana.

Mtu pekee aliyekuwa akiniachia mkono huu alikuwa yeye. Masista walimwandikia barua, akaisoma, akaiweka motoni chini ya sufuria ya sharubati, akanipa keekee ya kutobolea miti akasema huku msituni toboa kwa mkono unaoutaka, miti haijasoma. Nami sikwenda kumuaga. Wewe ulikaa naye peke yako siku zile nne ukiniombea radhi kwake kwa kosa ambalo bosi hakulifanya. Sikuombi unisamehe kwenye fomu ya kazi. Nilitaka tu ulisikie kutoka kwangu, si kwa Anouk wala kwa Viateur, na kabla hujaamua kuhusu msitu.

Saa saba na dakika thelathini na tano. Taa imezimika. Nasikia viatu ukumbini, vinakimbia, na humu kukimbia ni marufuku.

Naendelea nikiwa nje, nimeketi kwenye ngazi za ghala, nakula mkate wangu.

Alikuwa Anouk. Alifika kwenye mlango wa nje na karatasi ya grafu, akaibandika kwenye kioo ili niione, kwanza juu chini, kisha akaigeuza. Grafu yetu ikiwa mbaya inapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Hii ilikuwa mstari mmoja umelala mnyoofu kutoka pembe hadi pembe. Hakuna kigae changu hata kimoja kilichowahi kutoa mstari ulionyooka hivyo. Akawa anarukaruka na kusema maneno ambayo sikuyasikia kwa unene wa mlango, nami nikawa natikisa kichwa kwa furaha na kumwonyesha kitasa, naye anatikisa kichwa na kunionyesha karatasi, mpaka mwishowe akatazama kadi yangu, akanitazama mimi, akashika mdomo.

Aliponifungulia aliuliza nimekaa humo tangu saa ngapi. Nikamwambia saa nne. Akatazama kitufe chekundu ukutani, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake akatoa nusu ya sandwichi. Hakunipa. Aliitazama, akaila yeye mwenyewe, taratibu, hapo hapo mbele yangu. Halafu akasema, "Ijumaa nitakuletea, mzee. Leo bado nina hasira." Nimeona ni haki.

Viateur alishuka naye akatazama grafu, akakuna kichwa. Alimuuliza Anouk kama anaweza oda ya Aprili. Anouk akasema anaweza. Wakaanza kuzungumza tarehe, na mimi nikabaki nimesimama pale kama kigingi cha makoti wakati wa kiangazi. Baada ya dakika kumi hakuna aliyekumbuka kwamba nipo. Sikudhani itauma. Imeuma, na nimeondoka nayo hivyo hivyo.

Sasa mwandiko. Nimeandika barua hii yote kwa mkono wa kushoto. Ni mara ya kwanza tangu nilipokuwa na miaka saba, ndiyo maana herufi zinaonekana kama za mtoto, nafikiri ziliendelea kunisubiri palepale nilipoziacha.

Uliniuliza ndiyo au hapana. Jibu langu ni ndiyo. Barua naituma leo kwa mjumbe, itakufikia kesho. Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa kituo cha basi na begi langu, na simu nitaiwasha. Sitapanda mpaka unipigie. Baada ya niliyokuambia, huenda ungependa msitu uende kwa Veilleux kuliko kwangu, na hilo nitalielewa. Ila nijibu ndiyo au hapana, dada. Usinijibu Clément.

Nisalimie shemeji na nyonga yake, nisalimie binti yako ambaye sikumchezea harusi, na ukipita makaburini mwambie mzee kwamba Kushoto amechelewa. Ufunguo wa kibanda cha sukari usiutafute, ninao mimi tangu mwaka ule aliofariki Baba. Nao ni kosa langu.

Mdogo wako,

Rosaire